SOMO LA KUMI NA MBILI: KUTOKA KIANGAZI HADI VULI

Tafuta Kifaru katika ramani ya Mkoa wa Kilimanjaro. Mahali hapo pako chini ya Milima ya Upare wa Kaskazini, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Same. Mwezi wa Septemba nyasi za hapo huwa zimekauka, vumbi hutimka, na joto la mchana huongezeka. Lakini ukiinua macho kutazama milimani, kuelekea Ugweno na Usangi, waweza kuona mawingu yamefunika vilele. Kwa nini sehemu zilizo karibu hivyo zinatofautiana? Tena, ni nini kiletacho mvua baada ya kiangazi?

Jua na upepo

Karibu na tarehe 23 Septemba, jua la adhuhuri huwa utosini kwenye Ikweta. Kisha husogea kusini, na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini Kifaru. Ardhi hupata joto jingi. Hewa iliyo juu yake hupanuka, huwa nyepesi, na kupanda. Hewa nyingine huja kujaza nafasi yake. Ile itokayo Bahari ya Hindi huja na mvuke mwingi. Ndipo hunyesha mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, jua linaporudi kaskazini.

Kivuli cha mvua

Hewa yenye mvuke ikikutana na milima hulazimika kupanda. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa. Mvuke hugeuka kuwa matone madogo sana, nayo ndiyo mawingu. Matone yakiungana na kuwa mazito, huanguka kama mvua. Hewa ikishuka upande wa pili huwa imekwisha kupoteza maji mengi, tena hupata joto. Upande huo mkavu huitwa kivuli cha mvua. Kifaru, Mwanga na Same zimo katika kivuli hicho. Kwa sababu ya uhaba wa maji, Wapare tangu zamani hujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya vijito kwa ajili ya kumwagilia mashamba.

Jaribio

Mwombe mwalimu achemshe maji katika sufuria. Shikeni juu ya mvuke sahani ya bati yenye maji baridi. Mnaona nini chini ya sahani? Sahani inafanana na nini katika somo hili?

Utabiri

Mvua ya kwanza si alama ya kutosha ya kupanda. Mbegu zikiota kwa mvua ya siku moja, kisha jua likawaka wiki mbili, miche hufa. Jamaa hiyo imepoteza mbegu na kazi yake. Kwa hiyo wakulima husikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri husema kama mvua za msimu zaelekea kuwa za wastani, chini ya wastani, au juu ya wastani. Hauahidi, huonyesha lililo na uwezekano mkubwa zaidi.

Mvua nyingi nayo yaweza kudhuru. Mwezi wa Novemba 2009, wakati wa vuli, ardhi iliporomoka katika kijiji cha Goha, milimani Same, na watu zaidi ya 20 walikufa. Mvua kubwa ikitabiriwa, watu wakae mbali na kingo za mito na miteremko mikali isiyo na miti.

Kazi ya kufanya

Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba. Kila siku saa 3 asubuhi pima kwa rula kina cha maji katika milimita. Andika kipimo, kisha mwaga maji. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba.

Maswali

1. Kwa nini hewa yenye joto hupanda?
2. Eleza kwa nini Kifaru hupata mvua chache kuliko milimani.
3. Paa la mita za mraba 20 limepata mvua ya milimita 15. Lita ngapi za maji zimeanguka juu yake?
4. Mvua imenyesha siku moja tu, na utabiri wasema mvua zitachelewa. Utamshauri nini mzazi wako kuhusu kupanda? Toa sababu.