Sipre ao jenevriye? Tujue muche mbele ya kutoa franga



Mvua ya mwezi wa 9 ikikaribia, wauzishaji wa miche wanapanga sashe zao kando ya njia, Goma na katika vijiji. Kati ya miche hiyo kuna aina mbili zinazofanana sana: sipre na jenevriye. Wengi wanasema, "Yote ni sipre tu." Hapana. Ni miti ya jamaa moja, lakini kazi yao si moja. Anayekosea siku ya kununua ataona kosa lake kisha miaka 10, wakati franga za kikundi ziliisha kutoka na shamba liliisha kujaa.

1. Kila muti na kazi yake

Sipre tunayopanda huku (Cupressus lusitanica) asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Inakua mbio, shina linanyooka, na inatoa mbao nzuri za milango, meza na dari. Ndiyo tunaiona pia kwenye lupango nyingi za mjini.

Jenevriye ya Afrika (Juniperus procera) ni muti wa milima ya kwetu, Afrika ya Mashariki. Wakenya wanaiita mtarakwa, Watanzania wanaiita mwangati. Inakua pole pole. Lakini moyo wa mbao yake ni mwekundu, unanukia vizuri, na muchwa hawaupendi. Nguzo yake inakaa ndani ya udongo miaka mingi bila kuoza. Wakati wa ukoloni, mbao yake ilitoka Kenya kwenda kutengenezwa kalamu za kreyo.

Basi, mwenye kutaka mbao za karibu anunue sipre. Mwenye kutaka nguzo ambazo watoto wake watatumia, apande jenevriye. Mwenye kutaka makala asinunue hata moja: achague eukaliptusi ao akasia.

2. Namna ya kuzitambua

Tunda ndilo halidanganyi. Mwombe muuzishaji awaonyeshe muti-mama alipotoa mbegu, ao awaletee tawi lake lenye matunda.

- Tunda la sipre ni gumu kama mbao, la duara, na liko na magamba 6 mpaka 8. Likikomaa linakuwa la rangi ya kahawa, linapasuka na kuachilia mbegu.
- Tunda la jenevriye ni dogo na laini, kama tunda la porini. Likikomaa linakuwa la buluu karibu na nyeusi, na halipasuki. Mara nyingi miti dume na miti jike ni mbalimbali, kwa hiyo muti usio na tunda unaweza kuwa dume tu.

Majani yanasaidia, lakini kwa muche mudogo yanachanganya. Aina zote mbili zinaanza na majani kama sindano. Sipre inayaacha mapema na kuvaa majani madogo kama magamba ya samaki. Jenevriye inakaa na sindano zake muda mrefu zaidi, na ukizishika zinachoma. Kama munauziwa miche midogo sana, musitegemee macho peke yake: muulize mbegu ilitoka wapi.

3. Muchunguze mizizi

Muche murefu si lazima ukuwe muzuri. Mutafute wenye urefu wa sentimita 20 mpaka 30, shina lisilo jembamba kuliko kijiti cha wino kilicho ndani ya biki, na majani mabichi mpaka chini.

Kisha mupasue sashe. Katika kila miche 100, mupasue mbili ao tatu, na kikundi kilipe hizo. Kama muzizi mukubwa umejikunja chini ya sashe kama nyoka, muache. Muti kama huo unasimama vizuri mwanzoni, halafu unadumaa, ao upepo unauangusha. Huku kwetu, kwenye mawe ya volkano, muzizi unatafuta njia kwa shida. Ule uliojikunja hautaipata.

4. Muangalie vidukari

Mwaka 1986 kidukari cha sipre kilionekana Malawi. Mwaka 1990 kilikuwa kimefika Kenya. Kilikausha sipre nyingi, na jenevriye pia kinaishambulia. Kinanyonya maji ya matawi. Muti unaanza kukauka kutoka ndani, na matawi yanapata uchafu mweusi kama masizi. Mufungue matawi ya muche na kuangalia katikati. Tena musijaze shamba lote aina moja: muchanganye na grevilea, ili ugonjwa ukikuja usimalize kila kitu.

5. Muti wa chungu

Wajapani wako na ufundi unaoitwa bonsai: kulea muti ndani ya chungu miaka mingi, ukiwa mudogo lakini na sura ya muti muzee. Jenevriye ya China ni kati ya miti wanayoipenda. Memba anayeuzisha maua mjini anaweza kujaribu na miche michache. Muche wenye shina nene na matawi mengi ya chini, usiofaa kwa mbao, hapa unafaa. Ukae inje, kwenye jua, na chungu kiwe na matundu.

Kuna sheria moja ya kukata, na ni ya lupango pia: usikate mpaka penye hakuna jani. Sipre na jenevriye hazichipuki vizuri kwenye tawi lililobaki tupu. Tundu utakalolifanya litabaki.

6. Siku ya kununua

- Watu watatu waende pepinyeri, si mumoja.
- Jina la muti liandikwe kwenye risiti.
- Mulipe nusu, nusu ingine wakati miche imefika mizima.
- Mashimo yawe tayari: sentimita 40 kila upande, na udongo wenye mboleo pale penye mawe. Kwa sipre ya mbao, mita 2,5 kati ya miti; hekta moja itaomba miche 1.600.

Maswali ya kikundi

1. Katika kijiji chenu, muti-mama wa sipre uko wapi? Muko na jenevriye yenye matunda?
2. Shamba la kikundi ni la mbao, la nguzo ao la makala? Mukubaliane mbele ya kufungua sanduku.