BWAWA JIPYA: TUWATUNZEJE VIFARANGA WA PEREGE?



Kuchimba bwawa la samaki ni kazi ngumu, kila aliyeshika jembe na koleo anajua. Lakini tukishamaliza kuchimba, kazi ndiyo kwanza imeanza. Wiki za mwanzo ndizo zinazoamua kama tutakula samaki au tutabaki na shimo la maji.

Nchi yetu si ngeni katika kazi hii. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949, huko Korogwe mkoani Tanga na Malya mkoani Mwanza. Ilipofika mwaka 1968, yalikuwa yamechimbwa mabwawa yapatayo 8,000. Hata hivyo, baadhi yake hayakuleta faida. Mengine yalikuwa madogo mno, hata meta 20 za mraba. Mengine yalichimbwa mahali pasipo na maji ya kutosha, yakakauka. Na mengine yalikosa matunzo tu. Basi, sisi tunaoanza leo tusirudie yale yale.

1. MAJI YAIVE KWANZA

Watu wengi wakijaza maji leo, kesho wanataka kuona samaki. Hapana, tusifanye hivyo. Maji mapya hayana chakula. Perege hula vijimea vidogo sana ambavyo huyafanya maji yawe ya kijani. Vijimea hivyo huhitaji siku kadhaa kuota, kama vile mahindi yanavyohitaji siku kadhaa kuchipua.

Tufuate hatua hizi:

(a) Kabla ya kujaza maji, nyunyiza chokaa ya kilimo kwenye sakafu na kingo za bwawa. Kwa udongo mchachu anza na kilo 10 kwa kila meta 100 za mraba. Ngoja wiki moja.

(b) Jaza maji. Upande wa kina kifupi uwe na sentimeta 60 hivi, na upande wa kina kirefu upate meta moja au kuzidi kidogo. Funga wavu mahali maji yanapoingilia, ili samaki wa mtoni wasiingie.

(c) Jenga uzio mdogo wa fito katika kona ya bwawa, utie samadi humo. Samadi ya ng'ombe kilo 10, au ya kuku kilo 5, kwa kila meta 100 za mraba, ni kipimo kizuri cha kuanzia.

(d) Subiri siku 7 hadi 14, mpaka maji yageuke kijani.

Tutajuaje kwamba maji yameiva? Kipimo tunacho mwilini. Zamisha mkono majini hadi kwenye kiwiko. Kama vidole vinaonekana vizuri, ongeza samadi. Kama kiganja hakionekani, maji yameiva. Lakini kama mkono unapotea hata kabla maji hayajafika katikati ya kigasha, kijani kimezidi. Acha kutia samadi, uongeze maji safi.

2. TUPIGE HESABU

Tuseme mkulima ana bwawa la urefu wa meta 15 na upana wa meta 10. Eneo lake ni 15 × 10 = meta 150 za mraba. Kwa anayeanza, vifaranga 2 kwa kila meta moja ya mraba wanatosha. Kwa hiyo 150 × 2 = vifaranga 300.

Je, akitia 1,000 atapata samaki wengi zaidi? Atapata vichwa vingi, lakini nyama kidogo. Samaki waliosongamana hugombania chakula na hewa, hudumaa, na ugonjwa ukiingia huenea upesi.

Vifaranga tununue mahali panapoaminika. Serikali ina vituo vya kuzalisha vifaranga, kama vile Kingolwira huko Morogoro na Ruhila huko Songea. Afisa uvuvi wa wilaya ataweza kutuelekeza kituo kilicho karibu.

3. SIKU YA KUWALETA

Wasafirishe asubuhi mapema au jioni, wakati hakuna jua kali. Ukifika, usiwamwage bwawani kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Maji ya mfuko na maji ya bwawa hayana joto sawa, na samaki hustuka joto likibadilika ghafla. Anaweza kufa siku ile ile au siku chache baadaye, nawe usijue sababu.

Weka mfuko uelee bwawani ukiwa umefungwa, kwa dakika 15 hadi 20. Kisha ufungue, uingize maji ya bwawa kidogo kidogo. Mwisho ulaze mfuko, vifaranga watoke wenyewe.

4. CHAKULA: KIDOGO NDIYO DAWA

Kwa vifaranga wadogo, chakula cha siku ni kama sehemu 5 kwa kila sehemu 100 za uzito wao wote. Vifaranga wetu 300 tuseme kila mmoja ana gramu 5. Jumla ni gramu 1,500. Chakula chao cha siku ni gramu 75. Hizo ni kama kikombe kimoja cha chai cha pumba, siyo debe! Ugawe mara mbili, asubuhi na alasiri. Samaki wakikua, pima wachache, upige hesabu upya.

Pumba za mahindi, mashudu, mchwa na majani laini ya mboga vyote vinafaa. Walishe mahali pamoja kila siku. Kama baada ya dakika 15 chakula bado kinaelea, umezidisha. Chakula kinachobaki huzama, huoza, huleta sumu majini na kula hewa ya samaki.

5. WAKIHEMA JUU YA MAJI ALFAJIRI

Hapa ndipo wengi wanapopoteza samaki wote kwa usiku mmoja. Asubuhi na mapema samaki wamejaa juu, wanafunua midomo. Jirani anapita, anasema, "Bwana, samaki wako wana njaa hao! Watupie pumba." Mwenye bwawa anatupa pumba. Siku ya pili anaokota mizoga.

Samaki hao hawana njaa. Wamekosa hewa. Mchana vijimea vya kijani hutoa hewa ya oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku havitoi, bali navyo huitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ambayo hewa imepungua kabisa. Samadi nyingi na chakula kilichooza huzidisha hatari.

Ukiona hivyo, fanya haya mara moja: usiwalishe, toa samadi iliyomo katika uzio, fungulia maji safi yaingie yakianguka kwa kishindo. Kama maji ya kufungulia hayapo, chukua ndoo, uteke na kuyamwaga kutoka juu tena na tena, ili yachanganyike na hewa. Watoto na majirani wasaidie.

6. MAADUI, NA AFYA ZETU

Mdiria, kenge, vyura, nyoka na fisi-maji wote hupenda vifaranga. Fyeka majani kandokando ya bwawa. Kufyeka huko hutusaidia na sisi, maana konokono wa kichocho na mazalia ya mbu hupenda majani ya kingoni. Tusikojoe bwawani wala kuoshea humo bomba la dawa ya mimea. Tena tuzungushe ua, mtoto mdogo asije akatumbukia.

7. WASIZAANE KUPITA KIASI

Perege huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi 3 au 4 tu. Jike huatamia mayai mdomoni. Tusipoangalia, bwawa hujaa samaki wa ukubwa wa kidole. Basi, ama tununue vifaranga madume, ama tuwe tunavua wale wadogo mara kwa mara na kuwafanya kitoweo. Penye joto, baada ya miezi 6 hadi 8 tunaweza kuvua. Penye baridi huchukua muda zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunangoja siku 7 hadi 14 kabla ya kutia vifaranga?
2. Bwawa lina urefu wa meta 20 na upana wa meta 10. Litafaa vifaranga wangapi?
3. Jirani akikuambia samaki wanaohema alfajiri wana njaa, utamjibu nini?
4. Je, katika kijiji chenu kuna bwawa lililoachwa? Liliachwa kwa sababu gani, na linaweza kufufuliwa?

Someni pamoja, mjibizane, kisha mwende mkayatazame maji yenyewe. Kazi njema.