Mbwa wa kuchunga anachechemea: nisomee wapi tiba yake?

*Daktari, mimi ni afisa mifugo msaidizi hapa Kasulu. Mfugaji wa Kibondo ameniletea mbwa wa kuchunga. Tangu aruke mtaro, hukimbia ameinua mguu mmoja wa nyuma. Nimezoea ng'ombe na mbuzi. Mafunzo ya kutibu mbwa wa namna hii yako wapi?*
*– A., Kasulu*

Ndugu A., usione aibu. Wengi wetu tulifundwa kwa ng'ombe. Mbwa akiinua mguu ghafla hivyo, shuku kwanza kano ya goti. Mlaze ubavu, shika paja lake, kisha sukuma muundi mbele taratibu. Ukiteleza kama droo, kano imekatika. Apumzike, atembee kwa kamba tu, wiki kadhaa. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani usimpe kabisa: hutoboa tumbo na kuharibu figo. Asipokanyaga kabisa, au goti likivimba, mpeleke kwa daktari mwenye eksirei.

Kuhusu masomo, njia ni ndefu kidogo. Shahada ya udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, ni miaka 5. Ubobezi wa tiba ya michezo na urekebishaji wa viungo vya wanyama ulitambuliwa Marekani mwaka 2010 tu, na Chuo Kikuu cha Tennessee hutoa cheti cha tiba ya viungo vya mbwa. Nadharia husomwa mtandaoni, lakini kwa vitendo utasafiri. Waandikie kwanza uulize kama cheti chako kinakubalika, kabla hujauza ng'ombe wa ada.