Kihusishi Kinachobaki: Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza na Kiswahili

Mwanafunzi anayetafsiri sentensi "Mtoto alichekwa na wenzake" aghalabu huandika "The child was laughed by his friends." Kosa hili halitokani na uzembe. Katika Kiswahili, kitenzi cheka huchukua shamirisho moja kwa moja: wenzake walimcheka, naye akachekwa. Kitenzi cha Kiingereza hakina uwezo huo. Huhitaji kihusishi "at" ili kumfikia anayechekwa. Sentensi inapogeuzwa kuwa ya kutendwa, shamirisho huhamia mahali pa kiima, lakini kihusishi hakiandamani nalo. Hubaki pale pale, kimeshikamana na kitenzi: "The child was laughed at by his friends."

Kinachomtatiza mwanafunzi ni ule ujirani wa "at" na "by". Sikio lililozoea "na" moja tu huhisi kwamba kimoja kimezidi, na mkono hukifuta cha kwanza. Ilhali kila kimoja kina kazi yake: "at" ni mali ya kitenzi, "by" humtambulisha mtenda. Mtenda akiachwa, "by" huondoka naye, bali "at" hakibanduki: "The child was laughed at." Njia nyepesi ya kujihadhari ni kuandika kwanza sentensi ya kutenda, kukipigia mstari kihusishi chake, ndipo igeuzwe.

Kuna mahali ambapo kukidondosha kihusishi huipotosha maana yenyewe. "The patient was operated on" ni mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji. "The patient was operated" humfanya mgonjwa kuwa mtambo ulioendeshwa. Hali kadhalika, "The meal was paid for" ni chakula kilicholipiwa. Bila "for", chakula ndicho kilichopokea malipo!

Mfano huu wa mwisho unastahili kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa unadhihirisha kwamba Kiswahili nacho kina kihusishi chake, ila kimo tumboni mwa kitenzi. Lipa hunyambuliwa kuwa lipia, kisha lipiwa. Kiambishi -i- cha kauli ya kutendea ndicho kinachofanya kazi ya "for", nacho -w- cha kutendwa hufuata. Vivyo hivyo, kitanda kilicholaliwa ni "slept in", na wasafiri waliponyeshewa na mvua walikuwa "rained on".

Hata hivyo, ulinganifu huu una mipaka. Mayatima "were looked after by their grandmother", lakini kwa Kiswahili walitunzwa na nyanya yao, pasipo kiambishi cha kutendea. Kwa upande mwingine, "Alifiwa na babake" ni Kiswahili sanifu, ilhali Kiingereza rasmi hakikubali kitenzi "die" katika kauli ya kutendwa, kiwe na kihusishi au kisiwe nacho. Mfasiri hulazimika kurudi kwenye kutenda: "His father died."