SOMO LA MWEZI: UDONGO WA SHAMBA NA MIKOKO YA PORT REITZ



Mtu akitoka Uwanja wa Ndege wa Mombasa, huko Changamwe, akaelekea upande wa kusini, hukuta hori ya Port Reitz, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, na mikoko imeuzunguka. Ndani ya hori hiyo huingia maji ya Mto Mwache, ambao hutoka Kwale na kupita katikati ya mashamba na malisho. Basi mkulima wa Kwale, ambaye pengine hajaiona Port Reitz hata siku moja, ana jambo na mikoko hiyo. Somo letu la mwezi huu ni juu ya jambo hilo, na juu ya mapatano ambayo mataifa yamefanya ili kulitengeneza.

Yaliyotokea Mwache

Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998 zilinyesha mvua kubwa za El Niño. Mto ulibeba udongo mwingi kutoka bara, ukautandaza juu ya mikoko ya Mwache. Miti mingi ilikauka ikafa.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Matope ya pwani hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo miti hii hupumua kwa mizizi iliyo juu ya matope. Mchu hutoa vijiti vingi vilivyosimama wima kama misumari. Mkoko husimama juu ya mizizi mirefu kama miguu, yenye vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Udongo ukivifunika, mti hukosa pumzi, sawasawa na mtu aliyezibwa pua na kinywa.

Hasara ilikuwa mara mbili. Bahari ilipoteza mahali ambapo samaki, kamba na kaa hukulia. Na shamba lilipoteza udongo wake wa juu, ndio wenye rutuba. Udongo uliokwisha fika baharini haurudi.

Mapatano ya mataifa

Mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Lakini tangazo hilo halikuiokoa mikoko ya Mwache, maana mpaka wa msitu huweza kuzuia shoka, hauwezi kuzuia maji. Ndiyo sababu mataifa yameona kwamba haifai kulinda kipande kimoja peke yake. Yafaa kutunza mlima, mto, shamba na bahari kama kitu kimoja. Haya ndiyo baadhi ya mapatano:

Mkataba wa Algiers, 1968. Nchi za Afrika zilipatana kutunza udongo, maji, mimea na wanyama. Angalieni kwamba udongo umo pia.

Mkataba wa Ramsar, 1971. Ulifanywa katika mji wa Ramsar, Iran, kwa ajili ya vinamasi, maziwa na mikoko. Kenya iliingia mwaka 1990. Delta ya Mto Tana iliandikwa katika orodha yake mwaka 2012. Port Reitz haimo katika orodha, lakini mkataba wataka kila nchi itumie kwa busara mahali pote pa namna hii, hata pasipoandikwa.

Mkataba wa Nairobi, 1985. Huu ni wa nchi za pwani yetu na visiwa vya jirani. Mwaka 2010 iliongezwa itifaki juu ya uharibifu wa bahari utokao nchi kavu.

Mkataba wa Urithi wa Dunia, 1972. Kwa mkataba huu misitu ya Kaya za Wamijikenda, pamoja na zile za Rabai, iliandikwa mwaka 2008. Lakini wazee wa Kaya walikuwa wamekwisha kataza kukata miti humo zamani sana, kabla ya mkataba wowote. Basi tujue kwamba karatasi husaidia, lakini wanaotunza ni wenyeji.

Kazi ya mkulima

Huenda mkulima akauliza, "Mbona nichimbe mitaro mimi, na samaki avue mwingine?" Jibu ni kwamba wa kwanza kufaidika ni yeye mwenyewe. Mtaro unaouokoa mkoko ndio unaouweka udongo na maji katika mahindi yake.

1. Lima kwa kukingama mteremko, usilime kutoka juu kwenda chini.

2. Chimba matuta ya "fanya juu", yaani udongo wa mtaro utupwe upande wa juu. Panda nepia juu ya tuta ili lisibomoke, nawe utapata chakula cha ng'ombe.

3. Acha ukingo wa mto na majani yake. Kanuni za mwaka 2006 zilitaja upana wa mita 6 hadi 30 usiolimwa. Kabla ya kulima karibu na mto, muulize Bwana Shamba.

4. Panda miti. Kanuni za mwaka 2009 ziliagiza sehemu 10 katika 100 za shamba ziwe na miti. Kwa shamba la eka 10, ni eka 1.

5. Fanyeni kazi pamoja na jirani. Mtaro wa shamba la juu ukipasuka, maji yake huvunja mitaro ya mashamba yote ya chini. Kwa hiyo anzeni juu ya mlima, mshuke.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini udongo mwingi huua mchu na mkoko?

2. Tangazo la mwaka 1932 lilizuia nini, na halikuweza kuzuia nini?

3. Shamba lako ni eka ngapi, na miti yapasa ichukue kiasi gani?

4. Mvua ikinyesha, maji ya shamba lako huenda wapi?

Swali la nne halijibiwi kwa kusoma. Ngojeni mvua inayokuja, mtoke nje mtazame rangi ya maji yanayoondoka shambani. Yakiwa mekundu, kazi ya mitaro ianze wiki hiyo hiyo.