Kuandikiana na Fundi: Fundisho la Njia ya Zege

Wanafunzi wapenzi, nanyi mliokwisha ondoka shuleni mkajenga nyumba zenu, nataka kuwaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe huko Katwe, katika mji wa Kampala. Nalieleza si kwa kujisifu, maana halina sifa. Mimi nilifundisha hesabu miaka mingi, lakini siku nilipohitaji hesabu yangu niliiacha darasani.

Katwe inajulikana kwa mafundi wake. Ukipita pale utasikia nyundo tangu asubuhi. Vyuma vikuukuu hugeuzwa majiko, masufuria na mageti. Lakini sehemu kubwa ya Katwe iko bondeni, na mvua ikinyesha juu ya vilima, maji huteremka huko yakitafuta mfereji wa Nakivubo, unaoyapeleka hadi Ziwa Viktoria. Mtu ajengaye pale sharti aulize kwanza swali moja: maji yatapita wapi? Mimi sikuuliza.

Nilitaka njia ya gari ya zege toka langoni hadi mlangoni, urefu mita 12 na upana mita 3. Akaja kontrakta mmoja, mtu wa maneno mazuri. Akatembea hatua chache, akatazama juu, akasema, "Mzee, hii ni mifuko 27 ya saruji. Siku mbili tu, utaingiza gari." Bei yake ilikuwa chini kuliko ya wenzake. Nikampa fedha zote mkononi, nikaenda zangu kijijini kwa mazishi. Niliporudi njia ilikuwa tayari, laini kama meza. Nikafurahi.

Furaha ile haikufika msimu wa mvua. Gari la kuleta matofali lilipoingia, zege lilipasuka katikati kama chapati kavu. Nikachimba pembeni, nikatia rula: unene wake sentimeta 5! Tena mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji yote yalifuata njia yangu mpya yakaingia kwa jirani, mama mjane ashonaye sare za watoto wa shule. Asubuhi alinisimamia mlangoni na vitambaa vimejaa tope. "Ssebo," aliniambia taratibu, "maji yako yamelala juu ya kazi yangu." Sikuwa na jibu.

Nilimtafuta kontrakta nikampata. Naye hakukimbia. Alisema, "Mzee, tuliandikiana unene gani?" Hapo ndipo nilipojua maana ya methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa na tufanye hesabu ambayo ilinipasa kuifanya kwanza.

Njia ya magari madogo yafaa iwe na unene wa sentimeta 10. Kama malori yataingia, 15. Chukua 10. Ujazo wake ni 12 × 3 × 0.1, yaani mita za ujazo 3.6. Lakini saruji, mchanga na kokoto vikiwa vikavu vina nafasi za hewa kati yake, na vikichanganywa na maji hupungua. Kwa hiyo mafundi huzidisha kwa 1.54, tukapata 5.54 hivi za vitu vikavu. Tuchanganye sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga, 3 za kokoto. Jumla sehemu 6. Sehemu moja ni mita za ujazo 0.92, yaani lita 920 hivi. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi. Gawanya: mifuko 27 ukikamilisha.

Basi hesabu ya kontrakta ilikuwa sawasawa! Ila kwa unene wa sentimeta 5 zatosha mifuko 14. Mifuko 13 niliyolipa haikuzikwa katika njia yangu. Kama ningaliihesabu mifuko siku ya kazi, ningalijua kabla ya jua kutua.

Mambo mengine ya kutazama ni haya. Kwanza, udongo wa chini. Uondolewe ule mweusi na laini, itiwe changarawe nyekundu ya murram, ishindiliwe barabara. Pili, mteremko. Kila mita 50 ishuke mita 1. Basi kwa upana wa mita 3, upande wa mtaro uwe chini kwa sentimeta 6. Nao mtaro uishie kwenye mfereji, si kwenye mlango wa mtu. Tatu, mikato. Zege hunywea linapokauka, nalo halina budi kupasuka. Busara ni kulichagulia mahali. Njia ya mita 12 ikatwe mara tatu, kila baada ya mita 3, kwa kina cha robo ya unene. Nne, maji. Zege halikauki kama nguo kambani, bali hukomaa, kwa kuwa saruji hushikana kwa kunywa maji. Lifunikwe, limwagiwe maji siku 7 bila kukosa. Nguvu yake hupimwa kwa siku 28. Malori yangoje hadi hapo. Atakayekuambia siku mbili, mwulize alisoma wapi.

Na katika kumchagua fundi, nenda kaone kazi yake iliyokwisha pigwa na mvua ya mwaka mzima, uongee na mwenye nyumba. Waite mafundi watatu, uwape vipimo vile vile kwa maandishi. Bila hivyo unalinganisha bei ya embe na bei ya gunia. Kisha andikianeni: urefu, upana, unene, mchanganyiko, mteremko, siku, na bei. Hata sheria yataka hivyo. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 yasema mapatano yanayozidi shilingi 500,000 sharti yawe katika maandishi. Malipo yawe kwa mafungu: vifaa vikifika, msingi ukishindiliwa, zege likimwagwa, na fungu la mwisho libaki mfukoni mwako hadi siku 28 zipite. Fundi mwaminifu hatachukia, maana karatasi humlinda yeye pia.

Mimi nilivunja njia ile nikaanza upya, na mtaro nikauchimba kwanza. Vitambaa vya jirani nililipa. Alipokea, akasema tu, "Safari hii umeyauliza maji njia yake." Mvua zilizofuata zilipita mtaroni.

Zoezi: Ua una urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Unene wa zege ni sentimeta 10, mchanganyiko 1:2:3. Tafuta idadi ya mifuko ya saruji. Kisha andika, kwa sentensi moja, maji yatakwenda wapi. Asiyejibu sehemu ya pili hajapata alama yoyote.