SOMO: WATU WANGAPI NDIPO BARABARA IJE?

Ndugu wanakikundi, somo hili lisomwe polepole mbele ya wote, kisha mjadiliane. Leo tunasafiri hadi vijiji vidogo vya India, tuone jinsi hesabu ya watu inavyoweza kuleta barabara au kuizuia.

Shida yenyewe

Sensa ya 2011 ilionyesha kwamba karibu watu 7 kati ya 10 nchini India wanaishi vijijini. Kuna karibu vijiji 600,000 vyenye watu, na vingi ni vidogo. Mvua kubwa ikianza mwezi wa Juni, njia ya udongo inakuwa tope. Basi haliwezi kuingia. Mgonjwa anabebwa juu ya kitanda cha kamba hadi barabara kuu. Hapo kilomita 3 si mchezo!

Kipimo kilichowekwa

Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya India ilianza mpango uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, yaani Mpango wa Waziri Mkuu wa Barabara za Vijiji. Shabaha ilikuwa barabara inayopitika mvua na kiangazi, pamoja na kalavati zake. Lakini pesa hazingetosha wote kwa mara moja. Kwa hiyo waliweka kipimo: mahali tambarare, kijiji kiwe na watu 500 au zaidi. Milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila, 250 au zaidi. Hesabu ilichukuliwa kutoka sensa ya 2001, na vijiji vya watu 1,000 vilitangulizwa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kijiji kimoja cha tambarare kina watu 320. Peke yake hakifiki. Jirani yake ana watu 210, naye hafiki. Lakini sheria ya mpango iliruhusu makao yaliyo ndani ya mita 500 yahesabiwe pamoja. 320 na 210 ni 530. Wakihesabiwa pamoja, wote wawili wanaingia!

Hesabu ya zamani

Mwaka wa 2024 serikali hiyo ilipitisha awamu ya 4, ya kufikia makao 25,000 ambayo bado hayakuwa na barabara. Hesabu iliyotumika ni ya 2011, kwa sababu sensa ya 2021 iliahirishwa. Basi kijiji kilichokuwa na watu 480 mwaka wa 2011, hata kama leo kina 600, kwenye karatasi bado ni 480. Na nyumba iliyorukwa siku ya kuhesabiwa imewapunguzia majirani wote.

Barabara ikishafika

Wataalamu wawili, Sam Asher na Paul Novosad, walilinganisha vijiji vilivyopita kipimo kidogo tu na vile vilivyokikosa kidogo tu. Mwaka wa 2020 walitoa matokeo: barabara iliwasaidia watu kuacha kazi za shamba na kupata kazi nje ya kilimo. Lakini kilimo na mapato ya kijiji hayakubadilika sana. Kwa hiyo barabara inafungua mlango tu. Mbegu, maji, mtaji na soko vinatafutwa vilevile.

Tena, barabara inataka kutunzwa. Katika mpango huo, mwanakandarasi anafungwa na mkataba kuitengeneza kwa miaka 5. Kijiji kinachojua hivyo kinaweza kumdai.

Tunajifunza nini?

Kijiji kidogo kisikate tamaa, lakini kijue idadi yake, kijue kipimo, na kishikane na jirani.

Maswali ya kujadili

1. Je, sisi tunajua kijiji chetu kina watu wangapi? Nani ameandika?
2. Ni jirani gani tunaweza kuungana naye kupeleka ombi moja?
3. Barabara ikifika kesho, tutapeleka nini sokoni?
4. Nani atazibua mitaro kabla ya mvua?

Katibu aandike majibu, yasomwe tena mkutano ujao.